Uzi wa ukulele umekatika, je, nifunge wa gitaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa chekechea, Tabata. Nina ukulele ndogo, ile saizi ya soprano, ninayowaimbishia watoto asubuhi. Uzi wa A, ule wa chini kabisa ninapoishika, ulikatika. Jirani yangu anapiga gitaa, akanipa uzi wa chuma akasema utafaa. Sikuufunga, niliogopa. Nikatafuta wa nailoni nikafunga mwenyewe, lakini kila nikiutyuni, wimbo mmoja tu umeshashuka. Je, vigingi vya kukazia nyuzi vimekwisha? Na nikitaka kubadilisha nyuzi zote nne, naanzaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huo uzi wa chuma mrudishie jirani yako kwa shukrani, maana kwenye gitaa lake una kazi, kwenye ukulele yako utaleta hasara. Daraja la ukulele, yaani kile kibao kinachoshika nyuzi kule chini, limebandikwa kwa gundi tu juu ya ubao mwembamba. Nyuzi nne za chuma zikikazwa hadi sauti inayotakiwa huvuta kwa nguvu kubwa kuliko za nailoni, na siku moja utakuta daraja limenyanyuka au ubao umevimba nyuma yake. Ukulele haikuzaliwa na chuma. Mama yake ni kigitaa kidogo cha kisiwa cha Madeira, kilichofika Honolulu mwaka 1879 pamoja na wahamiaji Wareno, na enzi hizo nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama. Nailoni ilikuja baadaye kuchukua nafasi hiyo, kama ilivyochukua kwenye nyuzi nyembamba za udi wa taarab.

Ila jirani hakukosea kila kitu. Nyuzi za gitaa zinaweza kukuokoa, mradi ziwe za lile gitaa la nailoni, la klasiki. Chukua nyuzi zake tatu nyembamba. Wa kwanza (E) unafaa kuwa A ya ukulele, wa pili (B) unafaa kuwa E, wa tatu (G) unafaa kuwa C. Sababu ni rahisi: ukibana nyuzi hizo kwenye freti ya tano ya gitaa (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokingama shingoni) unapata A, E na C zilezile za ukulele. Uzi wa gitaa ni mrefu, na soprano haihitaji hata sentimita sitini, kwa hiyo ule wa kwanza mmoja ukiukata katikati unakupa A na G zote mbili. Angalia tu kwamba uzi unazama kwenye mkwaruzo wake, yaani kijifereji kilicho kwenye kile kipande cheupe pale shingo inapokutana na kichwa. Ukikaa juu juu bila kuzama, ni mnene mno kwa chombo chako, usiulazimishe. Duka lenye seti kamili ya ukulele likipatikana, seti ni bora zaidi.

Kabla ya kufunga chochote, tafuta kile kipande kilichokatika utazame kilikatikia wapi. Hapa ndipo wengi wanaponiletea ukulele ileile mara ya pili. Nailoni haikatwi na vidole vya kupigia, kuna kitu kiliikata. Kama ilikatikia kwenye kigingi, tundu la kigingi lina ncha kali. Kama ni kwenye kile kipande cheupe cha juu, mkwaruzo wake ni mwembamba au umechongwa vibaya. Kama ni kwenye daraja, ukingo wa tundu haukulainishwa kiwandani, na kwenye ukulele za bei nafuu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kunja kijipande cha msasa laini sana, namba 600 hivi, upitishe taratibu mara chache mpaka ukucha usikwame. Kwenye ile mikwaruzo ya juu pitisha ncha ya penseli. Risasi yake hufanya uzi uteleze vizuri unapokaza. Usiichimbe mikwaruzo hiyo kwa msasa, maana ikishuka uzi utaanza kugongana na freti na kutoa mlio mbaya. Na kama ulikatika katikati, mbali na sehemu zote hizo, pengine ulikazwa kupita kiasi, jambo nitakalolirudia kwenye kutyuni.

Sasa uzi unaoshuka. Usihukumu vigingi kwanza. Kaza uzi hadi A, halafu kwa kalamu weka nukta ndogo juu ya uzi pale unapotoka kwenye daraja, na nyingine kwenye kishikio cha kigingi iliyolingana na ukingo wa kichwa. Imba na watoto, kisha tazama. Nukta ya darajani ikisogea kuelekea kwenye tundu la sauti, fundo lako linateleza. Nukta ya kigingi ikizunguka, kigingi kinaachia. Zote zikibaki mahali pake na sauti imeshuka, uzi unarefuka tu, nao ni mzima. Nailoni mpya hurefuka siku kadhaa, wakati mwingine wiki, hata ikifungwa na fundi bingwa. Unaweza kuiharakisha: kamata uzi karibu na freti ya kumi na mbili, uinue kwa upole, utyuni tena, rudia mara nne au tano. Ukimaliza siku, uache ukiwa umekazwa. Walimu wengi huulegeza usiku wakidhani wanaupumzisha, kumbe kesho yake wanaanza upya.

Kama ni kigingi kinachoachia, tazama nyuma ya kichwa. Vigingi vya kusuguana, vile vinavyochomoza moja kwa moja kuelekea nyuma, vina skrubu ndogo mwishoni mwa kishikio. Ikaze robo mzunguko tu kisha jaribu. Vile vyenye meno, vishikio vyake hutokeza pembeni kama vya gitaa na haviachii kirahisi. Hapo shaka yangu ingekuwa kwenye fundo.

Fundo ndilo kazi yenyewe. Soprano nyingi zina daraja lenye mipasuko: unapiga fundo mwisho wa uzi, unalitia ndani, uzi unapita kwenye mpasuko. Kwa uzi mwembamba wa A fundo moja halitoshi, piga la pili juu ya la kwanza, livute kwa koleo kabla ya kulitia. Daraja likiwa la matundu, pitisha uzi kutokea upande wa tundu la sauti mpaka utokeze nyuma kama sentimita nane. Urudishe mkia juu ya daraja, upite chini ya uzi wenyewe pale unapoingilia, kisha uusokote kwenye kitanzi chake juu ya daraja, mara mbili kwa nyuzi nyembamba, mara moja kwa C. Msokoto wa mwisho lazima ubanwe nyuma ya daraja, chini ya ukingo wake. Ukiishia juu utateleza tu, na nina hakika nusu ya nyuzi "mbovu" ninazoletewa zina kosa hilohilo.

Huku juu, pitisha uzi kwenye tundu la kigingi, uache ulegevu wa vidole vitatu hivi, halafu zungusha. Mzunguko wa kwanza upite juu ya mkia, inayofuata ipite chini yake, ishuke kuelekea kwenye ubao wa kichwa bila kupandana. Mizunguko mitatu inatosha, minne kwa A.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, kile kipande cheupe cha darajani kinaweza kudondoka, maana mara nyingi hakina gundi, na ukikirudisha kinyume nyuzi hazitapatana tena. Vilevile nyuzi za zamani ndizo kielelezo chako cha jinsi fundo lilivyokaa.

Kwenye kutyuni, kama umewahi kuimba kwaya utafurahi: ukifanya C kuwa do, nyuzi nne wazi kuanzia juu ni s, d, m, l. Ile s (G) ya juu kabisa ni kali kuliko d na m zinazoifuata, ndiyo maana ni nyembamba. Programu ya simu ikikuonyesha herufi pamoja na namba, unatafuta G4, C4, E4 na A4. A4 ni ile ya hezi 440. Ukiona C5 kwenye uzi wa C, simama hapo hapo, umevuka oktavo nzima na uzi uko njiani kukatika. Anza na A, kisha E, C na G, halafu urudi A uhakikishe, kwa sababu kila uzi unaoukaza unavuta ubao kidogo na kulegeza wenzake.

Kwa hali yetu ya pwani nakushauri ukipata nafasi ya kuchagua, chagua nyuzi za fluorokaboni. Nailoni hunywa unyevu, na wakati wa masika hapa Dar utaitafuta A kila asubuhi. Fluorokaboni hainywi, tena sauti yake ni angavu zaidi, watoto wa nyuma ya darasa wataisikia. Wapo wanaotumia mshipi wa kuvulia wa nailoni. Kwa dharura sawa, wa milimita 0.6 au 0.7 hivi kwa A, lakini mshipi hutengenezwa kwa ajili ya samaki, unene wake si lazima ulingane mwanzo hadi mwisho, na hapo uzi hauwezi kupatana na freti hata ukityuniwa na malaika.

Kila unapobadilisha nyuzi, jaribu kupenyeza ukingo wa karatasi chini ya daraja kwa upande wa nyuma. Isipopita, endelea kuimbisha. Ikipita hata kidogo, legeza nyuzi zote siku hiyohiyo, usimimine gundi ya haraka, na umpelekee fundi wa magitaa: kulibandika upya daraja lililoanza tu kuachia ni kazi ndogo, na ubao unabaki salama.