Uliza Tukujibu: Nyumba ya Taita si nyumba ya Nyali

Assalaam aleikum wasomaji wangu wa Mombasa na vitongoji vyake. Mwezi huu barua nyingi zimekuja juu ya nyumba za mlimani, nadhani ni sababu likizo imekaribia na watu wengi sa hizi wana kijumba chao Wundanyi, kule milima ya Taita, ama wanakodi wiki moja huko wapumue na joto la huku. Nimechagua tano. Mbili za mwanzo nimezijibu kwa urefu manake zina mambo, tuvumiliane.

Swali: Dada, salaam. Mimi na mume wangu (yeye ni Mtaita) tumemaliza nyumba ya vyumba vitatu karibu na Wundanyi, twaenda likizo za watoto tu. Nimeipamba vile vile kama nyumba yetu ya hapa, ukuta mweupe, taili nyeupe za kung'aa nyumba nzima, mapazia ya shia, viti vya mianzi. Kwa picha yatoka vizuri sana. Lakini Agosti tulilala na soksi, mavyaa wangu aliamka usiku akajifunika blanketi mbili akakaa jikoni hadi alfajiri. Sina pesa ya kubomoa. Nianzie wapi? Mama wa watatu, Bombolulu.

Jibu: Pole mamangu, na mavyaa wako mpe pole zangu. Hukukosea kupamba, umepamba nyumba ya Bombolulu ukaipeleka mlimani. Sisi huku kila kitu ndani ya nyumba kazi yake ni kufukuza joto, madirisha mawili yaangaliane upepo upite, dari iwe juu, sakafu ukiikanyaga miguu isikie raha. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na hewa hupungua joto kama digrii 6 kila ukipanda mita 1,000, sasa piga hesabu, usiku wa Agosti hapa ukiwa na digrii 22 huko waongea habari ya 14 ama chini yake, na ukungu juu. Ule upepo wa kusi ambao sisi twaufungulia madirisha ndio huo huo unaopanda milima ya Taita na unyevu wa bahari na kuumwaga kama ukungu kwenye miteremko ya kusini na mashariki. Kwa hivyo huko upepo ni wa kufungiwa na jua ni la kukaribishwa, kinyume kabisa na tulivyolelewa.

Anza juu. Hujaniambia kama umepiga silingi. Kama ni mabati matupu basi pesa yako ya kwanza yote iende hapo, usinunue hata kushen moja kabla ya hiyo, manake joto lote la watu na la jiko hupanda likatokea kwa mabati, na usiku mvuke wa pumzi zenu ukigusa bati la baridi wageuka matone yawadondokee kitandani (watu huja kwangu wakisema paa yavuja na paa haina hata tundu). Mbao za msaipresi zilizounganishwa kwa ulimi zapatikana huko huko kwa bei nafuu kuliko kuzibeba kutoka huku, na rangi yake ya asali yenyewe tu yafanya chumba kionekane kina joto. Gypsum mimi siipendi kwa nyumba ya ukungu inayofungwa miezi, yanyonya unyevu yaanza madoa.

Halafu ziba nyufa. Hili halina gharama, wasaa wa mchana mmoja na mpira wa kubandika kwenye fremu za madirisha na milango, na chini ya mlango wa nje weka ubao ama hata mto mrefu wa kitambaa uliojazwa mchanga. Kama madirisha yako ni yale ya vioo vya kupishana, louvres zetu za Mombasa, hizo hazifungiki hata ufanyeje, siku ukipata pesa badilisha za vyumba vya kulala kwanza.

Taili usizibomoe, zifunike. Zulia zito sehemu mnayokaa na jengine upande wa kila kitanda, mguu unapotua asubuhi. Mkeka juu ya taili hautoshi, nimejaribu, baridi yapita kama hakuna kitu. Mapazia ya shia rudi nayo nyumbani, huko wataka kitambaa kizito chenye bitana kinachofika hadi chini kabisa sakafuni na kinachozidi fremu pande zote mbili. Nenda soko la Kongowea asubuhi mapema siku wanayofungua bale, mapazia ya mitumba kutoka nchi za baridi yako na bitana zake tayari, na duveti na blanketi za sufu pia. Yafue, yaanike jua la huku likali kabla hujayapandisha. Ukitaka nyumba isipoteze upwani wake basi pitia Biashara Street uchukue leso mbili tatu za rangi nyekundu na machungwa, tandika juu ya hizo blanketi, zapendeza ajabu chumba chenye mbao.

Ukuta mweupe una shida moja, mwanga wa ukungu ni wa kijivu, na kijivu juu ya nyeupe chumba chafanana na wodi. Paka rangi ya krimu ama ya udongo wa chungu, hata ukuta mmoja tu. Na balbu, tafadhali, toa zile nyeupe za buluu uweke za manjano, kwenye boksi huandikwa 2700K, tofauti utaiona usiku wa kwanza.

Mwisho hamisha vitanda, hii ni bure. Kitanda cha mavyaa kisiegemee ukuta wa nje hasa wa upande wa kusi, kipeleke ukuta wa ndani. Na viti vya kukaa mchana viweke madirisha ya kaskazini na mashariki, miezi ya Juni hadi Agosti jua liko upande wa kaskazini yetu, ndiko litakapoingia ndani. Viti vya mianzi vipeleke verandani, hapo ndipo pahala pake.

Swali: Tumekodi nyumba Taita kwa siku nne na watoto. Mwenye nyumba asema fayapleisi yake hutoa moshi ndani kwa hiyo haitumiki. Nilikuwa nafikiria kubeba seredani yetu, tukishapika jioni makaa yakibaki mekundu bila moshi tuliingize chumba cha watoto walale na joto, milango tufunge. Ni salama? Baba, Likoni.

Jibu: Hapana. Hapana ndugu yangu, usifanye hivyo hata usiku mmoja, na kama gazeti hili lina mtu mwengine aliyekuwa na wazo hilo naomba asome hapa mara mbili.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndio hatari zaidi, sababu waona yako safi. Mkaa ukiungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya oksijeni, mtu asikia kichwa, kizunguzungu, usingizi mzito, na alielala haamki. Nyumba za Pwani zimetudanganya kwa hili, seredani tumezoea kuliona uani na kwenye veranda, na hata likiwa ndani dirisha liko wazi na upepo wapita, hatujawahi kuliona likidhuru. Chumba cha mlimani kilichozibwa nyufa ni jambo jengine kabisa. Mimi yalinikuta nikiwa msichana, tulikuwa wanne chumba kimoja kwa harusi ya jamaa huko bara, tukaweka seredani katikati tukafunga. Kilichotuokoa ni shangazi kuja kuchukua shuka zake akatukuta mmoja atapika na wawili hawajibu wakiitwa, akafungua kila kitu akatuburuta nje. Miaka mingi imepita na bado nikisikia harufu ya mkaa chumbani naondoka.

Watoto wavalisheni nguo mbili, wapeni chupa za maji moto zilizofunikwa kitambaa chini ya duveti nusu saa kabla ya kulala, wakilala wawili kitanda kimoja watapata joto wenyewe. Hita ya stima ndogo iwashwe kabla ya kulala ikizimwa mkiingia. Hiyo yatosha, ni Taita si Ulaya.

Kuhusu fayapleisi ya huyo mwenye nyumba, mwambie asikate tamaa, mara nyingi kosa ni dohani kuwa fupi. Mafundi wanakadiria hivi: dohani itoke juu ya paa si chini ya futi 3, na iwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilichoko futi 10 karibu nayo, iwe ni mgongo wa paa ama mti. Ikiwa fupi upepo wa mlima hupiga paa ukarudisha moshi chini. Pia aangalie kuni, kuni mbichi za mkaratusi zatoa moshi na lami inayoganda ndani ya dohani hadi siku moja ikashika moto, zikatwe zipasuliwe zikae chini ya kivuli miezi 6 na zaidi. Na hata fayapleisi nzuri, moto uzimike kabisa kabla watu hawajalala na dirisha moja lipumue kidogo.

Swali: Nina mlango wa nakshi wa marehemu babu, umetoka nyumba yetu Mji wa Kale. Ndugu yangu amejenga Lushoto, Tanzania, na nataka tuupeleke uwe mlango wa mbele, pamoja na samadari. Wasemaje? Mzee, Kibokoni.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Samadari nenda nalo kwa raha, kitanda kile kiko juu ya sakafu hewa yapita chini yake, huko kwa unyevu ndicho kitanda haswa, mpe ndugu yako na godoro nene.

Mlango naomba usiupeleke. Kwanza kuna sheria, ile ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yataja milango na fremu zilizonakshiwa kabla ya mwaka 1946 kuwa ni vitu vilivyolindwa, na kuvusha hata kipande mpakani Lunga Lunga bila kibali ni kosa. Nenda ofisi za Makumbusho pale Fort Jesus uwaulize kabla hujaugusa. Pili, mlango wa mabawa mawili uliozoea hewa ya bahari ukiupeleka kwenye baridi na mvua ya Usambara uso kwa uso, mbao zitatanuka na kunywea, na chini ya mlango upepo utaingia kama ulivyoingia wa Mombasa, ila ule tulikuwa twautaka. Na tatu ni langu mwenyewe, nimekulia mitaa hiyo, kila mlango ukiondoka ukuta unabaki na mlango wa chuma na mimi nikipita hapo moyo waniuma. Ndugu yako achongewe mpya na mafundi wa Lamu, mdogo, autie ndani kati ya sebule na vyumba, pasipofika mvua. Na ule wa babu ubaki kwa babu.

Swali: Nyumba yetu ya mlimani tukifungua baada ya miezi mitatu yanuka uvundo na magodoro yana madoa meusi. Bi harusi, Bamburi.

Jibu: Hilo ni kuvu, lataka unyevu na hewa iliyotulia. Kabla ya kuondoka fua na ukaushe kila shuka, magodoro yasimamishe wima yasigusane na ukuta, makabati na droo ziache wazi, friji zima uiache mlango wazi na taulo katikati. Kabati za nguo toboa matundu mgongoni na uzisogeze ukutani mbali kama upana wa mkono. Na mlipe jirani ama mtunzaji afungue madirisha siku mbili kwa wiki saa za jua, saa nne hadi saa tisa, sio asubuhi ya ukungu. Madoa yaliyopo sugua na siki, vaa barakoa, na godoro lililoingia weusi hadi ndani litupe tu.

Swali: Jiko tuliweke nje uani kama huku ama ndani? Na mbona maharagwe huko hayaivi? Mwalimu mstaafu, Changamwe.

Jibu: Ndani mwalimu, tena liwe wazi upande wa sebule. Huku twalitoa uani tusipikwe sisi, huko joto la chakula ndio hita yenu ya jioni, na watu watajikusanya hapo wenyewe kwa hivyo weka benchi ndefu ya mbao na meza. Ila gesi mtungi wake ukae nje ya ukuta na juu ya jiko pawe na tundu la hewa. Maharagwe ni sababu ya urefu, maji pale Wundanyi yachemka karibu digrii 95 hayafiki 100, sasa hata ukoke moto vipi hayapiti hapo. Loweka usiku kucha na ununue sufuria ya presha, ile ya lita 5 yatosha familia, na iache huko huko mlimani.