Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Nyuso za Mitume Zimefifia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika kanisa moja nchini Uingereza niliona dirisha la vioo vya rangi la enzi ya Malkia Victoria, linaloonyesha Yesu akiwaita wavuvi. Kanzu zao zinang'aa, lakini nyuso zimefutika. Je, zimechomwa na jua?

JIBU: Ndugu msomaji, jua halina hatia. Rangi ya kanzu haikupakwa juu ya kioo bali imo ndani yake, kwa kuwa kioo kilipokuwa kingali kimeyeyuka kilitiwa oksidi za metali, kama vile kobalti kwa buluu, kisha vipande vikakatwa na kuunganishwa kwa metali ya risasi, ambayo ndiyo ile mistari myeusi inayozunguka kila umbo. Macho na ndevu, kinyume chake, vilichorwa kwa brashi, kwa mchanganyiko wa unga wa kioo na oksidi ya chuma, halafu vikachomwa tanurini ili vishikamane. Katika miaka ya 1860 na 1870 baadhi ya karakana zilitia boraksi, aina ya chumvi ya madini, ili rangi hiyo iyeyuke kwa moto mdogo zaidi. Unyevu ukailegeza, ikabanduka kidogo kidogo. Inauma kumwona Petro amebaki na vazi bila macho.

Ukifika Birmingham, ingia katika kanisa kuu la Mtakatifu Philip, uyatazame madirisha ya msanii Edward Burne-Jones, yaliyowekwa kati ya 1885 na 1897. Na kokote uendako, mchoro uliofifia usiuguse hata kwa kitambaa laini.