Anza na Open Camera

Ndugu yangu, kama wataka kupiga picha ya feri ya Likoni jioni, lakini kamera iliyokuja na simu yakung'arishia anga likawa kama la mchana, weka Open Camera, programu ya kamera ya simu za Android. Ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua.

Ukishaiweka, ingia kwenye mipangilio utafute Camera API, yaani njia ambayo programu huiendesha kamera ya simu. Ukiona Camera2 API, ichague. Hapo ndipo ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) na fokasi (kulenga kitu kionekane wazi) zinakuja mkononi mwako. Isipoonekana, basi kizuizi ni simu yenyewe, kwa hivyo usikimbilie kununua programu ya kulipia. Naona watu wakipoteza pesa zao hapo, na inaniuma.

Mimi juzi baada ya magharibi nilikuwa Mama Ngina, kando ya bahari Mombasa, nikaegemeza simu ukutani: ISO 100, shata sekunde 1, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Taa za feri zikachora mistari mirefu ya njano majini, na anga likabaki na zambarau yake. Simu nyingine shata haifiki sekunde nzima. Hapo pandisha ISO kidogo kidogo, maana ikizidi picha hujaa chenga, yaani vidoadoa.

RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaichakata, ikikubali, iwashe kwa zile picha unazozijali tu, faili zake ni kubwa mno. Mwenye iPhone atazame programu ya kamera iitwayo Halide, kwani Open Camera ni ya Android pekee.