Wakilegeza Kidogo Kidogo: Ushauri wa Fundi wa Sare wa Jogoo Road

Julai 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox (homa ya nyani) nchini Kenya, aliyegunduliwa mpakani Taveta, wateja waliopita kwenye kibanda changu hapa soko la Uhuru Market, Nairobi, hawakuniuliza habari ya dalili wala chanjo. Waliuliza, "Fundi, tutafungiwa tena?" Hatukufungiwa. Lakini swali lile lilinionyesha kwamba watu bado wanaibeba miaka ya korona, 2020 na 2021, mioyoni, hasa kule kungoja: kungoja hotuba ya Rais, kungoja saa za kafyu zisogezwe, kungoja njia ya kwenda nyumbani ifunguliwe. Mimi hushona sare za shule. Kazi yangu ilifungwa yote ndani ya siku moja, lakini ikafunguliwa kwa vipande, na yale niliyojifunza nayaandika hapa kwa yeyote ambaye siku moja atajikuta tena akiishi kwa kungoja serikali ilegeze.

Kwanza, tarehe inayotajwa kwenye hotuba si tarehe ya kufunguliwa. Ni tarehe ya kuamua upya. Aprili 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipofunga eneo zima la Nairobi, kuanzia daraja la Chania upande wa Thika hadi Kitengela, Rongai na Ngong, alitaja siku 21. Watu wakahesabu siku hizo kama wanaohesabu siku za mfungo. Zilipokaribia kwisha, zikaongezwa. Mei 16 zikaongezwa tena. Juni 6 zikaongezwa nyingine 30. Barabara zilifunguliwa Julai 7 saa kumi alfajiri, miezi mitatu tangu siku ya kwanza.

Jirani yangu sokoni, fundi mwenzangu mwenye mke na watoto Kitui, alikuwa akiwapigia simu kila hotuba ilipokaribia na kuwaambia, "Wiki ijayo niko huko." Mtoto wake mdogo alifika mahali akawa hataki tena kuletewa simu. Ndiyo maana nasema, ukiwa na mtu anayekungoja, usimpe tarehe ambayo wewe mwenyewe hukuiweka. Mwambie, "Wakifungua, nitakuja wiki hiyo hiyo." Hiyo ni ahadi unayoweza kuitimiza, na mtoto anaielewa.

Jambo la pili ni hesabu ya kufuata. Kila alasiri wizara ilisoma idadi ya walioambukizwa, na sokoni hapa nyuso zilipanda na kushuka kwa idadi hiyo. Wakitajwa wachache, watu wanasema tunafunguliwa. Wakitajwa wengi, basi. Lakini idadi hiyo peke yake haisemi mengi, kwa sababu siku wanayopima watu wachache watapata wagonjwa wachache. Hesabu ya maana ni hii: kati ya kila watu mia waliopimwa, wangapi wamepatikana na virusi? Shirika la Afya Duniani lilishauri Mei 2020 kwamba kiwango hicho kikae chini ya asilimia 5 kwa wiki mbili mfululizo kabla nchi haijalegeza masharti. Wizara yetu ilikuwa ikitaja waliopimwa na waliopatikana katika taarifa moja, kwa hiyo yeyote mwenye simu angeweza kugawanya mwenyewe.

Nilianza kuandika hesabu hiyo nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Mapema 2021 ilikuwa chini sana na watu walikuwa wameanza kusahau barakoa. Kufikia Machi ilikuwa imepita asilimia 20. Machi 26, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa, na kafyu ikarudishwa hadi saa mbili usiku. Wengi hapa sokoni walisema tumevamiwa ghafla. Hesabu ilikuwa imekwisha kutuambia wiki kadhaa kabla. Na Oktoba 20, 2021, Rais alipoiondoa kafyu kwenye sherehe za Mashujaa kule Wang'uru, Kirinyaga, kiwango kilikuwa kimeshuka chini ya 5. Matumaini yanahitaji kitu cha kuyashikilia, na afadhali kiwe kitu unachoweza kukikagua mwenyewe kuliko uvumi wa stejini.

Sasa nije kwenye shule, maana hapo ndipo ninapojua mambo kwa mikono yangu.

Shule zilifungwa kwa tangazo la Machi 15, 2020. Julai, marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, akasema mwaka huo wa masomo umepotea na watoto watarudi Januari 2021. Tukakubali. Nilikuwa nimegeukia barakoa za kitambaa kama mafundi karibu wote wa soko hili, na mabaki ya kitambaa cha sare ndiyo yaliyonilisha miezi ile. Kisha Oktoba 6 likaja tangazo kwamba gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne wanarudi Oktoba 12. Siku sita! Na ni madarasa matatu tu.

Fikiria unavyopanga kazi hapo. Mzazi wa mtoto wa darasa la nane au wa kidato cha nne hanunui sare mpya, mtoto anamaliza. Lakini mtoto huyo amekaa nyumbani miezi saba, na katika umri ule miezi saba ni mingi. Walikuja vijana wa kidato cha nne suruali zikiwa juu ya vifundo vya miguu, na wasichana ambao zipu ya sketi haikupanda kabisa. Kazi ya wiki ile haikuwa kushona. Ilikuwa kufumua. Unafumua pindo, unateremsha, unapiga pasi kwa kitambaa chenye maji, na pale pindo la zamani lilipokuwa panabaki ukanda wa rangi nzito ambao jua na sabuni havijaugusa. Mzazi mmoja akaniuliza, "Fundi, huo mstari hautamwaibisha mtoto?" Nikamwambia kila sketi darasani itakuwa nao. Na ndivyo ilivyokuwa.

Ushauri ninaoutoa hapo kwa kila mwenye kazi ya mkono: kipande kinapofunguliwa, usikimbilie kuandaa bidhaa ya soko zima. Jiulize ni akina nani hasa walioruhusiwa kutoka, na watu hao wanahitaji nini leo. Sikununua marobota Oktoba. Nilinunua uzi, zipu na vifungo. Kitambaa nilikikata ukubwa mbalimbali nikakiacha bila kushona, kwa sababu kitambaa kilichokatwa vizuri bado kinaweza kuongezwa au kupunguzwa, lakini sweta lenye nembo ya shule likikosa mtoto wa kulivaa limekufa. Wote waliobaki waliporudi Januari 4, 2021, nilikuwa na kazi iliyofika nusu na niliweza kuimalizia haraka.

Tena, ujue bidhaa zako zinapita wapi. Kitambaa changu kikubwa hutoka Eastleigh. Mei 6, 2020, Eastleigh ilifungwa peke yake, pamoja na Mji wa Kale Mombasa, ikabaki imefungwa mpaka mapema Juni. Nairobi ilikuwa imefungwa, na ndani yake mtaa mwingine umefungwa tena. Abdi, anayeniuzia kitambaa, hakuweza kutoka na mimi sikuweza kuingia. Tulizungumza kwa simu tu, na kwa muda wote ule hakunidai deni nililokuwa nalo. Nilimlipa Eastleigh ilipofunguliwa, yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Nasema hivyo kwa sababu tukizungumza juu ya kulegezwa huwa tunajifikiria sisi tu. Kabla ya kushangilia, uliza ni nani bado amefungiwa, na kama mkono wako unaweza kumfikia.

Kuna jambo ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha. Masharti yanapolegezwa, na nafuu nazo huondolewa. Mwaka 2020 serikali ilishusha kodi ya thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, wenye mshahara wa shilingi 24,000 kushuka chini wakasamehewa kodi ya mapato, na kutuma kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kukawa bure. Msamaha wa wenye mshahara wa 24,000 kushuka chini ulibaki, lakini nafuu nyingine mbili zilifika mwisho pamoja na mwaka. Januari 1, 2021 kodi ya thamani ikarudi asilimia 16, ada za kutuma pesa ndogo zikarudi, na siku tatu baadaye shule zikafunguliwa. Mzazi aliyekuwa akinitumia mia tatu mia tatu bila ada alianza kukatwa wakati ule ule anaodaiwa karo, vitabu na sare.

Kwa hiyo siku ya kufunguliwa si siku ya pesa. Ni siku ya madai yote kugonga mlango kwa pamoja. Nilipoona Desemba inakaribia niliwaambia wateja wangu walipe kidogo kidogo mapema, kabla ya ada kurudi, na waliosikia walifika Januari wakiwa wamebakisha kidogo tu. Ukisikia serikali inatoa nafuu, andika tarehe ya mwisho ya nafuu hiyo, kisha fanya malipo yako madogo yote kabla ya tarehe hiyo.

Kuhusu kafyu sitasema mengi. Ilianza Machi 27, 2020 saa moja jioni, ikasogezwa hadi saa tatu, ikafika saa tano, ikarudi saa nne, ikarudi saa mbili, ikawa saa nne tena. Ushauri wangu ni mmoja: saa wanayokuongezea usiifanyie kazi yote. Iache kwa ajili ya barabara. Matatu ya abiria 14 ilikuwa ikibeba 8, nauli ikapanda, na foleni ya stejini ikawa ndefu kuliko safari yenyewe. Aprili 17, 2021, polisi walifunga Thika Road usiku saa za kafyu, na magari yakakwama kwa saa nyingi, ambulensi zikiwa humo humo. Waliokwama walikuwa watu wa kawaida waliokuwa wakirudi makwao. Wasichana wawili wanaonisaidia kushona niliwaruhusu kutoka mapema vile vile hata baada ya kafyu kusogezwa, na wateja wakazoea.

Na sasa mazishi. Kwa muda mrefu waliruhusiwa watu 15 tu kaburini. Kuna watu tuliowapenda waliozikwa asubuhi na mapema, haraka, na ndugu wakitazama kwenye simu kutoka Kayole au Kangemi kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Shangazi yangu alizikwa hivyo Machakos, mwendo wa saa mbili kutoka hapa, na sisi wa Nairobi hatukuwepo. Njia zilipofunguliwa, wengi wetu tuliona aibu kwenda kutoa pole imechelewa. Nenda tu. Haijachelewa. Binamu zangu walitaka kusimulia upya siku ile tangu mwanzo, nani alibeba jeneza, nani aliomba, na walihitaji mtu wa kuketi na kusikiliza ambaye hakuwepo. Kama bado kuna boma ambalo hukufika tangu wakati ule, ni heri ufike hata sasa. Lakini wakati ugonjwa bado uko, mpigie simu mzee kwanza umwulize kama anataka wageni, na ukiwa na kikohozi au homa usisafiri. Mama yangu alituambia tuje mmoja mmoja na tukae nje chini ya mwembe, barakoa usoni. Tulifanya alivyosema, maana boma ni lake.

La mwisho ni kodi ya nyumba na ya kibanda, kwa sababu nimeona urafiki ukivunjika hapo. Wenye nyumba wengi walisema, "Tutaelewana mkifunguliwa." Maneno hayo yalisemwa kwa nia njema, lakini mwenye nyumba alimaanisha deni lote litalipwa mara moja, na mpangaji alimaanisha ataanza upya. Hotuba ya Julai 2020 ilipotolewa, kuna waliogongewa mlango kesho yake. Mkikubaliana wakati mambo yamefungwa, andikeni: ni kiasi gani kimesamehewa, kiasi gani kimeahirishwa, na kitalipwa kwa vipande vya shilingi ngapi baada ya kazi kurudi, si baada ya kufunguliwa. Mimi na mwenye kibanda changu tuliandika kwenye karatasi moja ya daftari, kila mmoja akatia sahihi na kupiga picha kwa simu yake. Tulipofungiwa tena Machi 2021 tuliitoa ile karatasi, tukabadilisha tarehe, tukaendelea.