"Mimi na ndugu yangu" kwa Kiingereza: tazama kitenzi kwanza

Dereva wa lori akiniambia "We came with my turnboy", namwelewa mara moja: wamekuja wawili, yeye na tanboi wake, yaani msaidizi wake wa lori. Mtu asiyejua Kiswahili ataelewa vingine. Kwake "we" tayari ni watu wawili au zaidi, halafu tanboi anaongezwa juu yao. Watakuwa watatu, pengine wanne. Hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako karatasi za mzigo na maelezo ya polisi huandikwa kwa Kiingereza, mtu mmoja wa ziada kwenye maelezo huzaa maswali ambayo hayakuwa na sababu ya kuulizwa.

Nafundisha Kiingereza jioni, upande huu wa Uganda, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa mpakani: madereva, mawakala wa forodha, akina mama wa biashara, vijana wanaojiandaa kwa usaili wa kazi. Kiswahili wanakimudu vizuri. Msamiati wa Kiingereza nao wanao wa kutosha. Kinachowakwamisha ni pale kiwakilishi kinapokutana na nomino katika kirai kimoja, na nimekuja kuamini kwamba chanzo karibu kila mara ni kimoja: Kiswahili humweka mtu ndani ya kitenzi.

Chukua "nilimpa". Ndani ya neno hilo moja yumo aliyetoa, umo wakati, yumo aliyepokea. Ndiyo maana tunasema "tulikuja na tanboi wangu" bila kukosea: ile "tu-" imekwisha kumjumuisha tanboi. Kiganda nacho huenda hivyohivyo, kwa hiyo kosa hili si la Waswahili peke yetu. Kiingereza hakina pa kumjumuisha. Ama utaanza na wewe peke yako, "I came with my turnboy", ama utawataja wote wawili kabla ya kitenzi, "My turnboy and I came". Naomba wanafunzi wangu walifanyie kazi hili kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu hapa hesabu ya watu ndiyo inayobadilika, na hesabu ni ukweli wa maelezo yako.

Chanzo hichohicho kinaleta "My father he works in Jinja". Kwa Kiswahili "baba yangu anafanya kazi Jinja" lazima iwe na "a-", na mwanafunzi anaona kuiacha ni kukinyima kitenzi mtenda wake. Kwa hiyo anaitafutia neno: "he". Huwa nawaambia waifikirie sentensi ya Kiingereza kama taksi ya kwenda Tororo: kiti kimoja, abiria mmoja. "My father" akishakaa, "he" hana pa kukaa. Sema "My father works in Jinja", basi.

Ugumu zaidi uko kwenye "The man who I gave him the papers". Kosa hili hata waliomaliza kidato cha sita wanalo, na sioni ajabu, kwa kuwa Kiswahili kinatudai "mtu niliyempa karatasi", na hiyo "-m-" haiondoki. Kiingereza kinamtaja mtu huyo mwanzoni, kisha baada ya "gave" kinaiacha nafasi yake wazi: "The man I gave the papers to". Nafasi hiyo wazi inasumbua sikio la Mwafrika Mashariki, na dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusoma sentensi za namna hiyo kwa sauti, nyingi, mpaka sikio liache kuidai ile "him".

Sasa "I" na "me". Kwetu "mimi" ni "mimi" popote, awe anapiga au anapigwa. Kiingereza hubadilisha: "I" kwa mtenda, "me" kwa mtendewa au baada ya maneno kama "to", "for" na "between". Zamani, kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, hata nomino za Kiingereza zilibadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Karne zilizofuata mabadiliko hayo yakafifia kwenye nomino, lakini viwakilishi vikabaki nayo. Ndiyo maana "my brother" haibadiliki popote unapoiweka, na jirani yake "I" anabadilika.

Kipimo ni rahisi. Mwondoe mwenzako, ubaki peke yako, usikilize. "The officer called my brother and I": ondoa ndugu, itabaki "The officer called I". Hakuna anayesema hivyo. Basi ni "called my brother and me". Kwa "us drivers" ondoa madereva: "They pay us late", kwa hiyo "They pay us drivers late", lakini "We drivers are tired".

Kinachonihuzunisha ni kwamba kosa la "between you and I" nalikuta zaidi kwa waliosoma sana. Shuleni walikemewa kwa kusema "Me and John went", wakakaririshwa "John and I" kama adabu, bila kuelezwa kwamba kujitaja mwisho ni jambo moja na umbo la kiwakilishi ni jambo lingine. Adabu inasema jitaje mwisho. Umbo linaamuliwa na kitenzi au kihusishi kilichotangulia. Mwalimu mwenzangu, tafadhali yatenganishe hayo mawili ubaoni. Na ujue kwamba Waingereza wenyewe husema "me and my brother went" katika mazungumzo ya kawaida. Mwanafunzi akiisikia asibabaike, ila asiiandike kwenye mtihani wala barua ya kazi.

Tangu baraza la mawaziri lilipopitisha, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, naona nafasi nzuri ya kuzifundisha lugha hizi mbili zikitazamana. Mtoto anayejua kwamba "a-" ya "anapika" ndiyo "she" ya "she cooks" hatahitaji kukemewa kwa "my mother she cooks". Ataliona mwenyewe.

Umiliki nauzungumzia kwa kifupi. "Nyumba yetu mimi na mke wangu" huwafanya watu waandike "my wife and I's house". Usihangaike nayo. Andika "our house", au kama lazima mjulikane, "the house my wife and I own".

La mwisho ni "yeye". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" huchanganyika mtu anapozungumza haraka. Hata ukizitofautisha, wanawake wawili wakiwa katika sentensi moja bado kuna utata: "Amina told Zaituni that she had won." Nani ameshinda? Rudia jina: "Amina told Zaituni that Zaituni had won." Walimu wengine wataona urudiaji huo si mzuri. Kwenye maelezo ya polisi na barua ya madai, mimi nasema rudia.