Dada wa Mwanjelwa, usilipe hiyo ada

Usilipe. Hata kama wakala wa vyuo vya nje amekwambia nafasi inafungwa Ijumaa, usilipe.

Umeandika kwamba unataka kuwa wakili wa watoto, kwamba umesoma habari za Wamarekani wanaounganisha sheria, saikolojia na ukuaji wa binadamu, na kwamba umepata chuo cha nje kinachotoa vyote hivyo ndani ya shahada moja. Ukauliza kama hiyo ni bora kuliko kusoma Iringa, hosteli za Iringa zikoje, na uzamili ukasome wapi. Nitaanza na hilo la kwanza, maana limenichoma.

Shahada ya namna hiyo ninayo. Juu imeandikwa Shahada ya Sanaa, chini yake ndiyo linakuja neno sheria. Wakala aliyetupeleka alikaa sebuleni kwetu Mafinga akamwambia mzee wangu kwamba nikimaliza nitapokelewa Shule ya Sheria kwa Vitendo, na baada ya hapo niapishwe kuwa wakili. Mzee akauza msitu wake wa mipaini kabla miti haijakomaa, kwa bei ya wanunuzi wanaojua una shida. Ile miti ilikuwa ya kusomesha na wadogo zangu.

Niliporudi nilipeleka cheti TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kikatambuliwa, nyumbani tukafurahi kweli. Kumbe kutambuliwa maana yake chuo ni halali na cheti kina hadhi ya shahada. Hakukugeuzi kuwa mwanasheria. Shule ya Sheria inataka LLB, shahada yenyewe ya sheria, na yangu si hiyo. Nilionyesha masomo niliyofaulu: jinai, haki za binadamu, saikolojia ya mahakamani. Nikaulizwa mikataba iko wapi, ardhi iko wapi, mwenendo wa kesi za madai uko wapi. Sikuwa navyo. Nikampigia wakala. Akasema yeye kazi yake ilikuwa kupata udahili, na udahili nilipata. Mtu huyo alikula chakula kwetu! Alijua tangu mwanzo, na kamisheni yake alishachukua. Ukiona nina hasira, ndiyo, ninazo.

Sasa sikiliza kwa nini wanatushika kirahisi. Marekani mtu husoma kwanza shahada yoyote, hata ya historia, ndipo anaingia chuo cha sheria kusomea JD, shahada yao ya uanasheria. Kwa hiyo kule shahada ya kwanza yenye sheria kidogo na saikolojia kidogo haimzuii mtu, mlango wa sheria bado uko mbele yake. Kwetu Tanzania mlango ni LLB, na watu wengi huisoma kama shahada ya kwanza. Wakala anachukua kipande cha mfumo wa kule, anakuuzia huku bila kile kinachofuata. Na hata hao Wamarekani uliowataja hawachanganyi ovyo: Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, wana mpango wa kuunganisha sheria na saikolojia ya ukuaji, lakini mhitimu anatoka na shahada mbili kamili, JD ya sheria na ya uzamivu ya saikolojia. Kila moja inasimama kwa miguu yake.

Lengo lako lenyewe ni zuri mno, usiliache. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli na si uongo. Je, mtoto wa miaka 6 anaelewaje ahadi? Ukimuuliza swali lilelile mara tatu, anabadilisha jibu kwa sababu alidanganya, au kwa sababu anadhani jibu la kwanza limekuudhi? Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Huko kuthibitisha kunahitaji mtu anayejua mtoto anavyojenga ukaribu na mzazi. Mawakili wenye elimu hiyo tunawahitaji sana. Lakini lazima kwanza awe wakili, la sivyo utakaa benchi la nyuma ukisikiliza mtoto akiulizwa vibaya, huruhusiwi kusimama.

Kwa hiyo LLB kwanza, saikolojia juu yake. Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha wanatoa LLB, Chuo Kikuu cha Iringa wanatoa, na Mzumbe kampasi ya Mbeya wanatoa, tena huko ni nyumbani kwako. Mimi sasa naisoma hapa Iringa, darasa moja na vijana waliotoka kidato cha sita juzi, na ada najilipia mwenyewe. Ukiwa chuoni, nenda mahakamani kusikiliza kesi za wazi, jitolee kwa wasaidizi wa kisheria, soma Sheria ya Mtoto ya 2009 yote. Saikolojia utaifuata ukiwa na cheti kinachofungua mlango.

Hosteli wengine watakujibu. Wewe leo mwandikie huyo wakala, akujibu kwa maandishi: je, mwenye shahada hii anapokelewa Shule ya Sheria ya Tanzania? Kisha waulize Shule ya Sheria wenyewe swali hilohilo. Na weka hapa jina la shahada kama lilivyo kwenye barua ya udahili, neno kwa neno, tulisome kabla hujaenda benki.