Kunguru wa Bara Hindi: ya kujua kabla hujasimamisha mtego

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya kupunguza kunguru huuliza mapema: kwa nini ndege huyu alindwe na yule auawe? Ni swali la haki. Kunguru wa Bara Hindi, kurabu kwa watu wa Mombasa, hakuletwa pwani hii na mbawa zake. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na wenzake wakaendelea kudandia meli bandari hadi bandari. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo kama chozi na mnana, hudonoa vifaranga vya kuku, na jalala humlisha hata pale viota vinapokwisha. Akipungua Mombasa au Dar es Salaam, kwao Asia bado wamejaa tele. Ndege anayepatikana ukanda wetu tu akitoweka, hakuna pa kwenda kumtafuta. Ndiyo maana mafanikio tunayapima kwa makinda ya ndege wa kwetu yaliyopona, si kwa mizoga ya kunguru.

Kwanza mtambue. Mvamizi ana shingo ya kijivu na umbo jembamba. Kunguru wa kienyeji ni mkubwa zaidi, mweusi mwenye kifua na ukosi mweupe. Ukimwua huyo umemwondolea mvamizi mshindani.

Mtego unaofaa ni banda la mbao na wavu wa kuku, lenye urefu wa mita 3 hivi, upana na kimo cha mita 2. Paa lake hushuka katikati kwa umbo la V, na chini ya V hulazwa ngazi yenye nafasi za kama sentimita 15. Kunguru hukunja mbawa akatumbukia. Kutoka hawezi, kwa sababu akiruka lazima azikunjue. Weka ndani matumbo ya samaki au mabaki ya nyama, pamoja na kunguru hai wanne au watano wa kuwavuta wengine. Hao wa chambo wanahitaji maji, kivuli, chakula na fito za kutulia. Kunguru aliyenyong'onyea hamwiti mwenzake, bali humtisha, achilia mbali ukatili wenyewe.

Wapya wengi hukosea wakati wa kuvuna. Kunguru hukumbuka sura za watu na mahali pa hatari. Ukiwatoa mchana huku kundi likitazama juu ya mwarobaini, mtego huo unaweza kukaa mtupu kwa wiki kadhaa. Subiri wengine waende kulala, fanya kazi gizani, na mizoga ifukiwe mbali. Vaa glavu nzito, unawe kwa sabuni, na usipitie bandani kwa kuku wako ukitoka huko, kwani ndege hawa wanaweza kubeba mdondo. Kagua mtego kila siku; ndege mwingine akinaswa, mwachie papo hapo.

Viota navyo vina saa yake. Ukibomoa kiota kitupu, kesho anajenga kingine. Ngoja atage (mayai ni ya samawati-kijani yenye madoa ya kahawia), kisha kishushe kwa upondo. Mayai huatamiwa siku 16 au 17, basi pita kila baada ya wiki mbili. Viota vya kwenye nguzo za umeme waachie mafundi wa shirika la umeme.

Sumu si kazi ya mgeni. Ipo dawa maalumu ya kuua ndege kama kunguru, Starlicide, inayotegwa kwenye vipande vya nyama na watu waliofunzwa wenye kibali, baada ya kuwazoesha kunguru nyama safi kwa siku kadhaa. Anayechovya nyama kwenye dawa ya wadudu wa shambani ataua mbwa, mwewe na tai kabla ya kunguru.

Kuhesabu kunguru waliobaki, simama sehemu ileile kila mwezi karibu na mti wanaolala, kuanzia saa moja kabla ya jua kutua. Miezi ya mwanzo idadi inaweza isishuke kabisa, maana wengine huhamia penye nafasi. Hapo usikimbilie kuomba mbao za mtego wa pili. Kamwone kwanza msimamizi wa machinjio ya jirani, uulize matumbo yanatupwa wapi na kama shimo lina mfuniko.